Mwalimu wa Kwaya na Kiongozi wa Bendi

Mwaka mmoja tulikuwa kwenye sherehe ya Uhuru makao makuu ya wilaya. Watu walijaa uwanjani tangu asubuhi. Bendi ya polisi ikaingia, matarumbeta yanang'aa, ngoma kubwa mbele ya tumbo la askari mnene. Mbele yao alisimama askari mmoja mwenye kijiti cheupe. Alipoinua mkono, wote waliinua matarumbeta. Alipoushusha, muziki ulianza kwa pamoja kama mlango uliofunguliwa ghafla.

Mzee mmoja wa darasa letu la kisomo alinivuta shati. "Bwana Elimu," akaniuliza, "yule wa mbele mbona hapigi chombo? Wenzake wanatoka jasho, yeye anapunga kijiti tu. Naye analipwa?"

Nikamwambia kwamba analipwa, na huenda cheo chake ni kikubwa kuliko vya wenzake.

"Basi mwanangu," mzee akasema, "mimi nilikosea kuchagua jembe."

Tulicheka sana. Lakini swali lake lilikuwa swali la haki. Wengi tumemwona mtu huyo, ama mbele ya bendi, ama mbele ya kwaya kanisani, ama mbele ya watoto wa shule. Tunaona mikono yake ikienda huku na huku. Hatujui inasema nini. Wala hatujui alikojifunza, au anakula nini jioni akirudi nyumbani. Katika somo hili tutamwangalia mtu huyo na kazi yake.

Kwanza jina lake. Wazungu humwita kondakta. Kwetu kondakta ni yule wa basi, anayening'inia mlangoni na kudai nauli. Kwa hiyo hapa tutamwita kiongozi wa bendi. Na yule wa kwaya tutamwita kama watu wanavyomwita kila mahali: mwalimu wa kwaya.

MKONO UNASEMA NINI?

Fikirini watu ishirini wanaotwanga kinu kimoja. Asipokuwapo wa kuhesabu, michi itagongana. Muziki ni hivyo hivyo. Kila wimbo una mapigo yake, na mapigo hayo huenda kwa mafungu. Nyimbo nyingine huhesabiwa mbili mbili, kama miguu ya askari: kushoto, kulia. Nyingine huhesabiwa tatu tatu. Nyingine nne nne. Wimbo wetu wa taifa huhesabiwa nne.

Sasa inueni mkono wa kulia, ninyi mlioko darasani. Moja: ushusheni chini. Mbili: upelekeni upande wa kushoto, mbele ya kifua. Tatu: upelekeni kulia, nje. Nne: upandisheni juu. Halafu rudieni: chini, kushoto, kulia, juu. Huo ndio mkono wa nne. Wimbo wa tatu ni chini, kulia, juu. Wimbo wa mbili ni chini na juu tu.

Pigo la kwanza daima huenda chini, kwa sababu ndilo pigo zito. Mpiga tarumbeta aliyepotea katikati ya wimbo humtazama kiongozi, akiona mkono unashuka anajua: hapa ni moja. Anaingia tena.

Hiyo ni kazi ya mkono wa kulia. Mkono wa kushoto una kazi nyingine. Ukifunguka na kupanda taratibu, unasema: ongezeni sauti. Ukishuka na kiganja kikitazama chini, unasema: punguzeni. Kidole kikinyooka kuelekea akina mama wa sauti ya pili, kinasema: sasa ni zamu yenu. Na ngumi ikifumbwa, wote hunyamaza mara moja.

Lakini kazi kubwa zaidi hatuioni kabisa, maana hufanyika kabla ya siku ya sherehe. Kiongozi amekaa na watu wake jioni nyingi. Amemsikia kila mmoja. Anajua nani hukimbia mbele ya wenzake na nani huvuta nyuma. Anajua ni mahali gani katika wimbo sauti ya tatu hupotea. Siku ya sherehe anawakumbusha tu yale waliyokwisha jifunza. Hilo ndilo jibu nililompa mzee wetu. Alilikubali, ingawa alisema bado angependa kukipunga kijiti kile mara moja tu.

Zamani viongozi hawakutumia kijiti chepesi. Huko Ufaransa alikuwako mwanamuziki wa mfalme aliyeitwa Jean-Baptiste Lully. Alihesabu mapigo kwa kugonga sakafu kwa fimbo ndefu nzito. Mwezi Januari mwaka 1687 alikuwa akiongoza muziki wa kumshukuru Mungu kwa kupona kwa mfalme. Kwa bahati mbaya fimbo ikamponda kidole cha mguu. Kidonda kikaoza. Waganga walitaka kuukata mguu, naye alikataa, kwa kuwa alikuwa pia mcheza dansi. Alikufa mwezi Machi mwaka huo huo. Katika karne ya 19 viongozi wengi walikwisha kuacha fimbo nzito na kushika kijiti chepesi cha mti. Hakiwezi kumponda mtu.

HERUFI SABA

Mwalimu wa kwaya huwafundishaje watu arobaini sauti nne tofauti, na watu hao wasichanganyikiwe? Kwanza huwagawa. Akina mama wenye sauti nyembamba huimba sauti ya kwanza. Akina mama wenye sauti nzito kidogo huimba ya pili. Wanaume wenye sauti nyembamba huimba ya tatu. Wenye sauti nene huimba ya nne, yaani besi. Kila kundi lina njia yake. Njia zote nne hukutana na kuachana, kama vijia vinavyokwenda mtoni.

Njia hizo zinaweza kuandikwa. Maandishi ya muziki huitwa nota. Kuna nota za mistari mitano na vichwa vyeusi kama viluwiluwi, ambazo wapigaji wa bendi husoma. Tena kuna nota za herufi. Hizi ndizo zilizoenea zaidi katika kwaya zetu, nami nataka mzitazame vizuri, kwa sababu ninyi mmekwisha kuzijua herufi zenyewe.

Ni herufi saba: d, r, m, f, s, l, t. Husomwa do, re, mi, fa, so, la, ti. Baada ya ti tunarudi kwenye do nyingine, ya juu, nayo huwekewa alama ndogo juu yake. Do si sauti moja ya kudumu. Mwalimu hutoa do mahali panapowafaa waimbaji wake, nyingine zote hupangwa kutoka hapo. Kwa hiyo wimbo ule ule unaweza kuimbwa juu zaidi au chini zaidi, na nota zisibadilike.

Tazameni mfano huu:

| d : m | s : – |

Mstari wa wima unatuambia kwamba pigo zito linafuata. Nukta mbili hutenganisha pigo na pigo. Kistari kinasema: endelea na sauti ile ile, usipumue. Basi tutaimba do pigo moja, mi pigo moja, so mapigo mawili. Mtu aliyeweza kusoma "baba analima" anaweza kusoma hilo pia, akipewa muda.

Aliyeanzisha njia hii ya herufi alikuwa mwalimu mwanamke, Sarah Glover, wa mji wa Norwich huko Uingereza. Alitaka watoto waweze kuimba kwa kusoma, si kwa kukariri tu. Baada yake mchungaji mmoja, John Curwen, aliichukua njia hiyo, akaitengeneza zaidi na kuieneza kuanzia miaka ya 1840. Curwen mwenyewe hakuwa bingwa wa muziki. Pengine ndiyo sababu alijua mahali ambapo mwanafunzi hukwama. Wamisionari waliichukua njia hiyo mpaka Afrika, kwa kuwa haikuhitaji kinanda wala karatasi maalumu. Ilihitaji ubao na chaki.

DAFTARI LA MWALIMU SONTONGA

Kila Mtanzania ameimba wimbo wa mwalimu mmoja wa kwaya, hata kama hajui jina lake. Jina lake ni Enoch Sontonga.

Sontonga alizaliwa karibu na mwaka 1873 katika eneo la Uitenhage, Afrika Kusini. Alijifunza ualimu Lovedale. Kisha alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Mshahara wa mwalimu Mwafrika wakati ule ulikuwa mdogo. Pamoja na ualimu alikuwa pia mpiga picha, na aliongoza kwaya. Alitunga nyimbo kwa ajili ya wanafunzi wake, akaziandika kwa nota za herufi katika daftari la shule.

Mwaka 1897 alitunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika, kwa lugha ya Kixhosa. Aliandika ubeti wa kwanza na kiitikio. Mwaka 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji mmoja. Kwaya yake ilizunguka ikiimba, na waalimu wengine wa kwaya wakauchukua. Sontonga alikufa tarehe 18 Aprili 1905. Alikuwa kijana bado, mwenye miaka thelathini na kitu. Alimwacha mkewe, Diana, na mtoto mmoja.

Wimbo haukufa naye. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano uliounda chama cha wazalendo wa Afrika Kusini, kile kilichoitwa baadaye ANC. Mwaka 1923 Solomon Plaatje, mmoja wa viongozi wa chama hicho, aliuimba London ukaingizwa katika sahani ya santuri. Mwaka 1927 mshairi S.E.K. Mqhayi aliuchapisha na beti nyingine alizoziongeza yeye. Mwaka 1961 Tanganyika ilipopata Uhuru, muziki wake ukawa wimbo wetu wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo iliuchukua muziki huo, ikaweka maneno yake yenyewe. Na Afrika Kusini yenyewe, baada ya kuondoa utawala wa ubaguzi mwaka 1994, iliuingiza katika wimbo wake wa taifa.

Lakini daftari je? Hapa ndipo ninapotaka msimame kidogo.

Baada ya kifo chake waalimu wa kwaya walikuwa wakiliazima daftari lile ili wanakili nyimbo. Likapita mkono hadi mkono. Mwishowe likawa kwa ndugu mmoja wa familia, mama mmoja aliyependa sana kutazama mapambano ya ngumi. Mama huyo alikufa miaka ya 1990. Daftari halikuonekana tena. Nyimbo nyingine za Sontonga zilizokuwa humo, zile ambazo hakuna aliyezinakili, zimepotea. Wimbo mmoja tu ndio uliosambaa duniani.

Hata kaburi lake lilipotea. Watu walilitafuta kwa miaka mingi katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg. Walipekua vitabu vya makaburi wakitafuta jina Sontonga, wasilione. Baadaye ikafikiriwa kwamba huenda karani wa zamani alimwandika kwa jina lake la kwanza tu, Enoch. Wakalipata kwa njia hiyo. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alilitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa.

WALIKOJIFUNZA WENGINE

Hapa pwani kwetu ualimu wa muziki ni wa zamani. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka kijana mmoja Misri akajifunze kupiga ganuni. Kijana akarudi, akawafundisha wenzake. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa, ambacho kimeishi zaidi ya miaka mia moja. Kwenye taarabu mara nyingi kiongozi hasimami mbele kabisa. Huenda amekaa na fidla yake au ganuni yake katikati ya wenzake, anaongoza kwa jicho na kwa kichwa.

Kisha zikaja bendi za matarumbeta za wanajeshi na za misheni. Vijana wa Mombasa na Lamu walizitazama, wakaunda ngoma yao, beni, iliyokuwa na gwaride, vyeo na sare. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 beni ilienea Tanganyika nzima. Marini na Arinoti walishindana mpaka wazee wakachoka. Wengi wa wapigaji hao hawakuingia chuo chochote. Walijifunza kwa kumtazama aliyejua.

Kenya ilipokaribia Uhuru mwaka 1963, serikali iliteua wanamuziki watano watengeneze wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Waliuchukua muziki wa Wapokomo wa mto Tana, wimbo ambao mama humbembelezea mtoto, wakaupanga kwa sauti na kwa bendi. Omondi baadaye alikuwa mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mimi huupenda mfano huu. Watu watano waliosomea muziki walikwenda kuchota kwa mama asiyejua nota.

Siku hizi anayetaka kujifunza ana njia kadhaa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Unguja kuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, hufundisha taarabu, ngoma na nota za mistari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha muziki, vilevile Chuo Kikuu cha Makumira karibu na Arusha. Na majeshi yetu yana bendi. Askari wa bendi hufundishwa nota na chombo kama vile mwingine anavyofundishwa bunduki, na hupewa mshahara na cheo. Kati ya njia zote za kula kwa muziki, hiyo ndiyo iliyo imara zaidi. Chakula chake hakitegemei kama watu wamependa wimbo.

Mwalimu wa kwaya wa kijijini yuko mbali na hayo. Huyu kwa kawaida halipwi kitu. Akiwa na bahati hupewa kuku wakati wa mavuno, au kitenge kwa mkewe siku ya sikukuu. Jioni baada ya shamba anakwenda mazoezini, tena anafika wa kwanza. Akikosekana wiki mbili watu hunung'unika. Akifika kila siku hakuna anayesema asante. Husemwa kwamba anafanya kwa kupenda. Ni kweli, anapenda. Lakini hata mkulima hupenda shamba lake, na bado tunamlipa mahindi yake. Kwaya inayoalikwa kwenye arusi na kupewa fedha, kisha mwalimu wake akarudi mikono mitupu, inafaa ijiulize.

RUBANI ALIYEKUWA MWALIMU

Huko Kinshasa, mji mkuu wa Kongo, kuna mtu aitwaye Armand Diangienda. Babu yake alikuwa Simon Kimbangu, mhubiri ambaye Wabelgiji walimfunga mwaka 1921, akafia gerezani mwaka 1951. Kanisa la Wakimbangu limependa muziki tangu zamani, lina bendi za matarumbeta na za filimbi.

Armand alikuwa rubani wa ndege. Baadaye akakosa kazi. Hakuwa amesomea muziki chuoni. Hata hivyo mwaka 1994 aliwakusanya watu wa kanisa lake akaanza nao bendi kubwa ya fidla, matarumbeta na filimbi, ya namna ile inayopiga muziki wa watu kama Beethoven.

Walianza na watu wachache na fidla chache kuliko watu. Wakagawana kwa zamu. Huyu anapiga dakika ishirini, anamkabidhi mwenzake, anakaa na kutazama vidole. Waya wa fidla ulipokatika hapakuwa na duka la kununua mwingine. Wakachukua waya wa breki za baiskeli. Mmoja wao akajifunza kutengeneza fidla kubwa za besi kwa mbao. Nota walizinakili kwa mkono. Mchana kila mtu alikuwa na kazi yake: huyu anauza sokoni, huyu fundi umeme, huyu kinyozi. Jioni walikusanyika kufanya mazoezi. Umeme ulizimika mara kwa mara katikati ya wimbo, na waliojua wimbo kwa moyo waliendelea gizani.

Armand alijifundisha mwenyewe vyombo kadhaa ili aweze kuwafundisha wengine. Hilo si jambo dogo. Mwalimu anayetangulia ukurasa mmoja tu mbele ya wanafunzi wake hulala kidogo sana. Baadhi yenu mnaowafundisha wenzenu kusoma mnalijua hilo.

Miaka ilivyopita bendi na kwaya yake vilifika watu wapata mia mbili. Mwaka 2010 Wajerumani walitengeneza filamu juu yao, dunia ikawaona. Mwaka 2013 chama cha zamani cha muziki cha London, Royal Philharmonic Society, kilimpa Armand heshima ya uanachama. Wengi wa wapigaji wake wa kwanza wakawa waalimu wa vijana waliofuata.

KIJIJI KIMOJA

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilipangiwa tarafa moja ya milimani. Katika kijiji kimoja kulikuwa na kwaya iliyosifika. Mwalimu wao alikuwa mzee mwembamba, fundi cherehani. Alijua nyimbo nyingi, sauti zote nne, na zote zilikuwa kichwani mwake. Alifundisha kwa kuimba: anamwimbia kila mmoja njia yake mpaka aishike. Ilikuwa kazi nzuri sana. Hakuna aliyeona haja ya kuandika.

Akaugua masika, akafa kabla ya mavuno. Kwaya ilimwimbia makaburini, nami nilikuwapo. Sijasikia besi kama zile tena.

Mwaka uliofuata nilirudi kukagua darasa. Kwaya ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa ikiimba nyimbo sita au saba. Katika nyingi ya hizo sauti ya pili ilikwisha kupotea, akina mama wote waliimba ya kwanza. Kijana mmoja alinionyesha simu yake. Alikuwa amerekodi kwaya siku moja ya Pasaka, wakati mwalimu yu hai. Tukasikiliza. Sauti zote nne zilikuwamo, lakini zimeshikamana kama ugali. Tulijaribu kuitoa ya tatu peke yake, hatukuweza. Simu hutunza wimbo, lakini haikuambii sauti gani ni ya nani.

Ndipo mama mmoja wa darasa la kisomo akasema kwamba yeye anaikumbuka sauti ya pili ya wimbo mmoja, kwa kuwa aliiimba miaka kumi na miwili. Alikuwa amemaliza kitabu cha pili cha kisomo mwezi ule ule. Mwalimu wa shule ya msingi, aliyejua nota kidogo, akamwimbisha taratibu. Mama anaimba, mwalimu anaandika ubaoni: d, m, r. Mama akasimama.

"Hiyo hapana, baba," akasema. "Hapo mimi sishuki. Nabaki palepale."

Mwalimu akaifuta r, akaandika kistari. Mama akautazama ubao, akaimba tena huku akifuatisha kwa kidole. Akaikuta sauti yake imekaa pale ubaoni, mbele ya watu wote. Alicheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya kanga.

Jioni ile waliandika mistari miwili ya wimbo. Iliwachukua saa mbili, na kandili ilikuwa inaishiwa mafuta. Baada ya hapo waliandika kila Alhamisi. Wazee wa besi walileta zao, wengine walibishana hadi wakatupiana maneno. Mara ya mwisho nilipopita walikuwa na nyimbo kumi na nne katika madaftari mawili. Moja hukaa kwa mwenyekiti wa kwaya. La pili hukaa kwa yule mama, ndani ya sanduku, na haruhusu mtu aliazime. Anayetaka wimbo huja na daftari lake na kalamu, akanakili pale pale kibarazani.